Wachawi wa Kaunta Buku

Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliandika riwaya ya wachawi. Wachawi wenyewe walikuwa vijana wa rika langu, wenye chunusi na adhabu za shule, wanaosomea uchawi bwenini. Niliiandika kwenye kaunta buku niliyonunuliwa Same kwa ajili ya baiolojia. Baiolojia nilifeli, lakini riwaya ilishafika sura ya tisa.

Hatari ilikaa majini, ndani ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Lilikuwa dude, na kila sura lilizidi kukua. Lilianza kumeza mbuzi, likamalizia na mwalimu wa zamu. Huyo mwalimu nilimmeza kwa furaha kabisa. Binti mdogo kuliko wachawi wote ndiye aliyepaswa kuvuka ndiva akalimalize.

Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, kijiji kizima kilikwenda kuzoa tope kwenye ndiva ya kweli, ambayo mwaka huo maji yake yalipungua bila mtu kujua kwa nini. Nami, kwa ujinga wangu, nikaiacha kaunta buku ukingoni pamoja na ndala zangu. Mzee mmoja wa kanisa akaiokota, akaifungua katikati, akasoma: "Jumamosi tukutane kwenye ndiva. Kila mtu aje na fimbo yake. Maji lazima yakauke." Hakuona haja ya kusoma zaidi. Akapiga picha ukurasa, akaurusha kwenye grupu la wazee wa kanisa, na kabla sijanawa miguu nilishakuwa mchawi.

Zilibaki wiki mbili nipate kipaimara. Gauni jeupe lilishashonwa, na mashangazi walioolewa Ugweno walishaaga kwa waume zao. Tukaitwa, mimi na mama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maji mmeyapeleka wapi?"

"Ni hadithi tu, mzee."

"Hadithi gani ina Jumamosi?"

Mama akaapa kwamba daftari hilo hajawahi kuliona. Wazee wakakata shauri: nitubu mbele ya usharika na daftari lichomwe, la sivyo kipaimara nisahau.

Ningependa kusema nilikataa. Sikukataa. Niliwaza gauni, nikawaza pilau. Jumapili nikapiga magoti mbele, pembeni ya wazinzi wawili waliokuwa wanarudishwa kundini, nikasema hakuna wachawi, hakuna dude, hakuna binti, yote ni uongo wangu. Mzinzi mmoja alinitazama kwa huruma. Kanisa zima likaitikia amina, na hadi leo sijapata wasomaji wa kunikubali kiasi kile.

Baada ya ibada mzee aliitia kaunta buku motoni nyuma ya kanisa. Jalada gumu liligoma kushika, ikabidi alichochee. Mama alisimama kando yangu, ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Tulipokuwa tunateremka kwenda nyumbani akanong'ona, bila kunitazama:

"Yule mdogo wao. Alivuka, au alizama?"

Jibu nilikuwa nalo, sura ya kumi nzima ilikuwa kichwani. Lakini nilikuwa nimetoka kuapa mbele za Mungu na watu.

"Mama," nikasema, "hakuna binti."

"Haya," akajibu, akatangulia mbele akijifuta macho kwa ncha ya kitenge.