Herufi za Nchelenge

Leo sokoni harufu ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa juani, imenirudisha utotoni, tulipovuka ziwa kutoka Kongo kuja hapa Zambia bila karatasi. Mama alitufundisha, mimi na mdogo wangu wa kike, wimbo wa makofi ambao watoto wa hapa hutajia herufi za Nchelenge, jina la mji huu, ili tuonekane wenyeji.

Afisa mmoja wa uhamiaji alitukuta tukiucheza mlangoni. "Mutoto, imba tena," alimwambia mdogo wangu.

Akaimba, "Eni, si, ashi." Herufi H watoto wa hapa huiita echi, kwa Kiingereza; ashi ni ya Kifaransa, tuliyofundishwa shuleni kule Kongo.

Afisa alimgeukia mama. "Mama, tuende ku biro," yaani ofisini kwake.

Mama alirudi siku ya tatu, na hakutugombeza. Mdogo wangu sasa ana watoto. Wakiuanza wimbo ule, yeye huinuka na kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.