Kwenda Durban Kuungama Kifo cha Mpishi

Mwaka 2011 niliondoka Dar es Salaam kwa sababu nilikuwa nimeua mtu ambaye hakupaswa kufa. Msishtuke. Marehemu ni Gonbei, mpishi wa ngome katika riwaya ya Mzee Kuramochi, Mjapani ambaye hadithi zake za kale husomwa kwao hata na madereva wa malori. Nilikuwa naitafsiri riwaya hiyo gazetini kila Jumamosi. Kijapani nilikiokota mjini Kobe, nilikosomea injini za meli. Kosa langu ni kwamba sikuisoma kwanza mpaka mwisho. Nilitaka nionje uhondo pamoja na wasomaji! Wiki moja nafasi ilikuwa finyu, Gonbei akachomwa mshale, nami badala ya kueleza alivyouguzwa nikammaliza palepale. Kurasa sitini mbele nikakuta ngome imezingirwa, watu wanakufa kwa kiu, na anayejua kilipo kisima kilichofukiwa ni Gonbei peke yake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mhariri alinipa wiki mbili: nipate idhini ya mwandishi kukigeuza kisa, la sivyo hadithi ikatishwe. Mficha uchi hazai, nikamwandikia mzee nikaungama yote. Jibu lilikuwa fupi: yuko Durban kwa ajili ya riwaya mpya, nimfuate, na nisisahau viatu vya kutembelea.

Johannesburg nilishuka kwenye ndege, nikapanda basi, na jioni nikawa Durban. Nilipokewa na Papa Trésor, kinyozi Mkongo aliyewahi kuwa jirani wa shemeji yangu. Aliniandalia fufu kwa samaki, nami nikamweleza kilichonileta.

"Eish, kaka! Umeua mupishi ya mutu, na sasa unamufuata mpaka kwake?" Alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Ile muzee namujua, nilimunyoa juzi. Iko Morningside. Anatembeaka na mufuko ya muchele ku mugongo, kama mukimbizi. Kesho unapanda taxi, unashuka kwa robot ya pili. Sharp!"

Robot, ndivyo wanavyoziita huko taa za kuongozea magari, na taxi ni daladala. Usiku nililala kwa mang'amung'amu.

Asubuhi, Morningside, mlango ulifunguliwa na mzee wa miaka sabini na minane, mfupi, mwenye kofia ya turubai. Niliinama nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi. Hakunisikiliza. Alinivika begi lenye kilo kumi za mchele, akavaa la kwake, akasema, "Kwanza tutembee." Ndiyo kazi yake ilivyo: haandiki njia ambayo hajaipita mwenyewe na mzigo wa mhusika wake. Safari hii mhusika alikuwa baharia Mjapani anayewapandishia wenzake chakula kutoka bandarini hadi huko juu Morningside.

Bandarini tulipelekwa kwa gari, kisha tukaanza kupanda. Mimi nilihema, yeye akasimulia. Baba yake alifuma mikeka. Yeye alianza kama msahihishaji gazetini, halafu akaandika hadithi ya kila siku kwa miaka arobaini.

"Mwaka wa tatu nilimuua samurai vitani," alisema. "Miezi miwili baadaye nikamketisha akinywa chai. Barua zilimiminika!"

Tangu siku hiyo mkewe alibandika karatasi kwenye mlango wa jikoni, akawa anaandika jina la kila aliyekufa. Mzee hakugusa kalamu asubuhi kabla ya kuisoma.

"Alifariki mwaka juzi," akasema. "Sasa naogopa kuua mtu yeyote."

Nilimpa pole. Tukaendelea kupanda.

Kileleni tuliketi ukingoni mwa barabara. Nikauliza, "Mzee, nimfufue Gonbei?"

"Hapana. Wasomaji wako wameshamlilia. Usiwafanyie mzaha."

"Sasa kisima ataonyesha nani?"

"Nani alikuwa akimchotea mpishi maji?"

Nikakumbuka. Mkewe! Kitabuni anatokea mara tatu, analia, na hana hata jina.

"Kisima mpe yeye," mzee akasema. "Nilipaswa kuliona hilo tangu mwanzo. Na umwite Fumi." Akavua kofia, akaipapasa. "Ni jina la mke wangu. Miaka arobaini sikumwandika popote."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mzigo ulikuwa bado mgongoni, lakini ule mwingine ulikuwa umeshuka, nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Dar.

Jioni mchele wote tuliuacha kwa Papa Trésor, ambaye alitaka kujua mwisho wa kisa. Nilipomwambia alitikisa kichwa. "Mi nilijua. Bibi ya mupishi njo anajuaka kila kitu."

Dar es Salaam nilirudi na idhini mkononi, na Jumamosi iliyofuata Fumi akafukua kisima. Siku hizi sitafsiri hata sentensi moja kabla ya kukimaliza kitabu.

Miezi kadhaa baadaye nililetewa bahasha kutoka Japani. Ndani mlikuwa na picha ya mlango wa jikoni na karatasi yake ndefu, majina yote kwa mwandiko mmoja, mzuri, wa mwanamke. Jina la mwisho tu ndilo lilikuwa na mwandiko mwingine, wa mkono unaotetemeka: "Gonbei, mpishi. Amekufa kwa Kiswahili tu."