Siku Nilipokataa Nyama Ukweni

Jamani, hili hata leo naona aibu kulisimulia, na kama si nyie wenzangu nisingefungua mdomo. Mwaka 2013 mchumba wangu Elia alinipeleka kwao Kasulu kunitambulisha, nikatoka zangu Kibondo nimesuka, gauni jipya, nikashuka kwenye basi mwekundu kama tofali (vumbi la ile barabara mnalijua), lakini nikapokelewa kama malkia, mbuzi amechinjwa, sebule imejaa mashangazi na majirani.

Sasa mimi sili nyama. Si dini, si daktari. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachunga ng'ombe wetu, Gaju, nikimwita anakuja kunilamba mkono, halafu kwenye harusi ya kaka wakamchinja, na tangu hapo nyama yoyote nikiitia mdomoni naona namla yeye. Lakini wakwe utawaambiaje kwamba unamlilia ng'ombe? Nikaona nifupishe: "Mama, nyama inanikataa."

Shangazi yake Elia akamtazama mama mkwe. Wakaniletea mgebuka wa kukaanga, nikasema hata samaki harufu inanishinda (kumbe najichimbia!), basi minong'ono ikaanza, mmoja akaniwekea mto mgongoni, mwingine akaniuliza kama natamani ndimu, na mimi mjinga nikajibu, "Ndimu nitashukuru sana," nawazia kuikamulia maharage, mboga yangu ya kila siku! Shangazi akapiga kigelegele. Baba mkwe akasimama, akavua kofia, akamshukuru Mungu kwa mjukuu.

Elia akanigeukia. Sisi hata kulala nyumba moja tulikuwa hatujawahi, nyie! Macho yake yalikuwa na swali moja tu: wa nani?

Nikasimama, machozi hayo, nikaeleza habari zote za Gaju mbele ya sebule nzima. Baba mkwe akaketi taratibu. "Kumbe ni ng'ombe," akasema, na watu wakaangua kicheko, Elia akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alinifuta machozi kwa kitenge chake, akaninong'oneza, "Wangu aliitwa Bihogo. Nililia mpaka mama akanichapa." Kisha akaenda mwenyewe jikoni kunipakulia maharage.

Tulioana, namshukuru Mungu. Ila niliapa: nikialikwa popote, kabla sijakaa, nasema sili nyama na sababu yake naitaja. Wacheke tu. Afadhali kuchekwa kwa ajili ya ng'ombe kuliko kupongezwa kwa mtoto ambaye hata baba yake hamjui.