Gari Limesimama

Fundi wetu wa magari hamvumilii mtu anayengurumisha injini bure. "Gari limesimama, unakanyaga mafuta ya nini?" hufoka, sigara yake ya umeme ikining'inia mdomoni kama filimbi. Tangu aache zile za moshi, kila kukicha anajisifu: "Mimi ekzosi yangu safi!" Na kweli, kikohozi kimemwisha. Ila zamani sigara ilipokwisha alipumzika. Hii haina mwisho. Jana dada yake, ambaye ni muuguzi, alimkuta ameketi juu ya tairi, anavuta. Akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa. "Kaka, moshi umeondoka, nikotini imebaki. Moyo unakwenda mbio na wewe umekaa tu. Unakanyaga mafuta ya nini?" Fundi akavuta tena, ili apate kulifikiria swali vizuri.