Kuvuka Vilele vya Masasi Bila Kushikwa Mkono

Nilikwenda milimani kwa sababu ya ubishi. Mwanangu Hamisi anataka nihamie kwake Dar es Salaam, nami sitaki kuondoka Newala. Hoja yake ni moja tu: mwaka jana presha iliniangusha shambani nikalazwa, kwa hiyo nimezeeka, kwa hiyo nitafia chini ya mikorosho bila mtu kujua. Yeye mwenyewe anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu tangu aachane na mkewe, lakini wa kuhurumiwa ni mimi! Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, hoja mbovu naijua nikiisikia. Basi nikamwambia hivi: kiangazi hiki kikundi chetu cha mazoezi kinakwenda Masasi kuvuka ile milima ya mawe, vilele viwili visivyo na njia. Njoo twende wote. Nikishindwa mahali popote hata nikahitaji kushikwa mkono, nafungasha vyombo nakufuata. Nikimaliza mwenyewe, habari ya kuhama iishe. Alikubali haraka mno, nikajua ana uhakika wa kunishinda.

Asubuhi ya kuondoka Newala ilikuwa na ukungu mzito na baridi yake ile ya mwezi wa sita. Tulikuwa watu saba. Kiongozi wetu ni Mwalimu Daudi, anafundisha jiografia na hupenda kuonyesha kitu kwa fimbo hata pale ambapo kidole kingetosha. Jirani yangu Mama Neema, fundi cherehani, ndiye anayetuchekesha. Kila Jumamosi kikundi hiki huteremka ukingo wa uwanda wa juu tunakoishi mpaka bondeni na kupanda tena, kwa hiyo miguu yangu haikuwa na wasiwasi. Hamisi alitokea na viatu vipya vya rangi ya chungwa.

"Shikamoo, Mama Neema."

"Marahaba, mwanangu. Viatu naona viko tayari kwa mlima. Mwenye viatu je?"

Njiani tulikuwa na furaha kama wanafunzi waliofunga shule. Gari tulilokodi liliteremka kutoka uwandani, na pande zote wakulima walikuwa wanapuliza dawa ya salfa, vumbi lake limetanda juu ya mikorosho. Kisha nchi ikawa tambarare, na ile milima ikaanza kuchomoza mmoja mmoja, mawe matupu yasiyo na udongo mgongoni. Kwetu sisi wa uwandani mlima ni kitu unachoishi juu yake. Kuuona umesimama peke yake shambani kunashangaza kila mara.

Mlima wa kwanza tuliuanza jua likiwa bado la upole. Njia haikuwapo, si ya watu wala ya mbuzi. Tulipasua nyasi zilizotufika kifuani, na Mwalimu Daudi, aliyetangulia na fimbo yake, akaingia moja kwa moja kwenye upupu. Alijikuna mpaka heshima ya ualimu ikamtoka. Juu ya nyasi lilianza jabali lenyewe, nami sehemu nyingine nilikwenda kwa miguu na mikono.

"Mama, kutambaa kunaruhusiwa?" Hamisi aliuliza kutoka nyuma.

"Kilichokatazwa ni kushikwa."

Kileleni tulikaa tukala ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, iliyobebwa na Mama Neema. Mji wa Masasi ulikuwa chini yetu, mabati yanameta. Tulikunywa maji bila kujibana, maana hakuna aliyekuwa na shaka kwamba tukishuka kwenye bonde kati ya milima miwili tutayapata mengine. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu wa Newala tu. Kwetu juu hakuna maji. Maji yako chini bondeni, bibi zetu waliteremka kuyafuata na mitungi na wakapanda nayo kichwani. Mtoto wa kwetu hahitaji kufundishwa kwamba kiu ikimshika, ateremke.

Mchana huo, basi, tuliteremka. Bondeni tulikuta mchanga. Tukachimba kwa mikono, tukakuta mchanga mwingine. Mwalimu Daudi akasema maji lazima yawe chini zaidi, sote tukakubali, tukazidi kushuka tukiuacha mlima wa pili nyuma yetu. Goti langu la kushoto likaanza kulalamika, ulimi ukawa mzito. Hamisi alikuwa karibu nami muda wote, mkono wake ukiwa tayari. Nilimkasirikia kwa utayari ule.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika mashamba ya Lisekese, kwenye nyumba ya Mama Rashidi, mkulima aliyekuwa anaanika muhogo uani. Alitupa maji kabla hata salamu hazijaisha. Tulipomweleza tulikotoka, alikaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Jamani nyie watu wa Newala! Maji mmeyaacha juu, mmekuja kuyafuata chini? Huu mlima wa pili una mashimo kwenye jabali, yanashika maji ya mvua mpaka mwezi wa saba. Wawindaji wa pimbi wanakunywa hukohuko."

"Kwetu juu ni pakavu," nikajitetea.

"Kwenu ni kwenu, mama. Jiwe halinywi."

Alimpaka Mwalimu Daudi majivu kwenye upupu, akatusongea ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga, akatutandikia mikeka. Kabla ya kulala Hamisi alinifuata. "Mama, goti limevimba. Umetembea vya kutosha. Tuishie hapa."

"Tukiishia hapa nahama?"

Alilitazama tena goti langu. Nami nikamwambia alale.

Kesho yake tulianza mlima wa pili na ubaridi wa alfajiri. Goti lilikuwa limetulia, ingawa sikuliamini. Tulipanda vizuri mpaka chini kidogo ya kilele, ambapo jabali limelala kiubapa, laini, bila pa kushika. Wenzangu walipita mmoja mmoja. Hamisi akapita, akageuka, akaninyooshea mkono. Wenzetu wote wakageuka kutazama. Niseme ukweli, niliutaka mkono ule. Lakini nikaiona nyumba yangu imefungwa kufuli, mikorosho yangu imeota magugu. Nikakaa chini. Nikavua viatu, nikavifunga kwa kamba nikavitupia begani, nikapanda peku, unyayo baada ya unyayo, jinsi tulivyopanda utotoni. Nilipofika juu Mama Neema alipiga vigelegele ambavyo bila shaka vilisikika Lisekese. Mkono wa Hamisi ulikuwa bado umenyooshwa. Ilimchukua muda kuushusha.

Kileleni maji yalikuwapo kweli, kwenye shimo refu lenye kivuli, ya baridi na safi. Tulikunywa, tukanawa, tukacheka tulivyochimba mchanga jana yake. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa. Hamisi alikuja akaketi nami pembeni.

"Umeshinda, mama."

"Nimeshinda."

"Sitasema tena habari ya kuhama." Akatazama upande wa mashariki, ambako ukingo wa uwanda wetu ulionekana kama mstari. "Ila ile nyumba, mama. Nikitoka kazini huwa nakaa kwanza ndani ya gari, sitaki kufungua mlango. Hakuna mtu ndani."

Nikamgeukia nikamtazama usoni. Kumbe muda wote ule nilikuwa natetea nguvu za miguu yangu tu.

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Ningesemaje? Mtu mzima kama mimi?"

Ushindi wangu wote ukaniishia mdomoni. Wakati wa kuteremka nilimshika mkono mwenyewe, hata pasipo na haja. Mama Neema akapiga kelele kwamba nimeshindwa, nikamwambia afumbe mdomo, anayeshikwa ni Hamisi.

Newala tulirudi jioni, ukungu ukiwa umeshaanza kupanda kutoka bondeni. Siku ya pili, Hamisi akiwa anasubiri basi, nilimwambia kwamba korosho zikishauzwa nitakwenda kwake, nikae mpaka shamba litakapohitaji jembe, kisha nirudi kwangu.

"Kama mgeni?"

"Mgeni haulizi kwa nini sufuria ni chafu. Nakuja kama mama yako."

Alicheka, akageuka upande mwingine kujifuta macho.

Nilitoka hapa kumwonyesha mwanangu kwamba simhitaji mtu, na hilo nimelionyesha. Nililojifunza ni jingine: mtoto anayekuambia njoo nikutunze, mtazame vizuri usoni kabla ya kumwonyesha nguvu zako. Mimi nilikuwa namjibu kwa simu mwaka mzima, sikuwa nimemtazama.