Kilio cha Nyuma ya Pazia

Nilijifungua msimu wa korosho, watu wa Kiranjeranje wakiwa mashambani wanaokota. Mtoto alikuwa wa kiume. Nilirudi nyumbani kwa mama bila yeye. Mama akanikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga, kama mzazi mwingine yeyote. Maziwa yalipojaa, alinifunga kifua kwa kanga. Mtoto hakutajwa. Waliokuja kunipa pole walionywa mlangoni wasiniulize kitu.

Mimi nilikuwa na jambo moja la kuuliza. Pale kituo cha afya, damu ikinitoka na macho yakifumba, nilisikia kilio chembamba nyuma ya pazia. Kwetu mtoto aliyelia hupewa jina, huswaliwa, huzikwa kama mtu. Wangu alizikwa bila jina, kabla sijapata fahamu vizuri. Kama alilia, basi walimdhulumu. Lakini sikuweza kulisema. Mimi ni mtu wa kunyamaza tangu utoto. Shule ya msingi, mwalimu aliwahi kufunga darasa nikiwa ndani, asijue kama nimo.

Niliporudi kliniki, nesi alinipima presha, akaona macho ya mtu asiyelala. Hakunilazimisha kuongea. Aliniambia kila siku nikae peke yangu kidogo niandike yaliyonipata, hata yakija vibaya, na yakinizidi niache, nirudi kwake. Basi nikawa naandika polepole, kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Niliandika pikipiki ilivyochelewa, taa ya juu, mikono ya watu. Nikifika kwenye kilio, kalamu inasimama.

Mama hajui kusoma. Maandishi ya kuponya anayoyajua ni kombe: shehe huandika aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kwa hiyo aliposikia nesi ameniagiza kuandika, alielewa ni dawa. Asubuhi moja nilimkuta amelowesha karatasi zangu kwenye bakuli, anazisugua kwa kidole.

“Wino wa nesi wako mgumu,” alisema. “Hautoki. Sasa utakunywa nini?”

Nilicheka, mara ya kwanza tangu nijifungue, na kicheko hakikufika mbali. Nilimwambia hizo si aya, ni maneno yangu mwenyewe. Akatoa kidole majini, akaniambia nimsomee.

Nilisoma, karatasi inadondosha maji. Mama alikuwa ametazama uani. Nilipofika mahali kalamu iliposimama, niliendelea bila karatasi.

“Mtoto wangu alilia, mama. Mbona hamkumpa jina?”

Mama alizichukua karatasi mkononi mwangu.

“Hakulia, mwanangu. Alitoka ametulia. Niliyelia ni mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikajiziba kwa kanga nikijua husikii.”

Sikuwahi kumwona mama akilia, na siku hiyo pia sikumwona. Alizitandaza karatasi juani, akaweka kijiwe juu ya kila moja. Nililia mimi, kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakuniambia ninyamaze.

Zilipokauka niliandika pale palipobaki kwamba mtoto wangu hakulia. Nesi alikuwa ameniambia huenda nikapata nafuu, na usingizi umerudi kidogo. Lakini kilio bado hunijia. Najua ni cha mama, na bado nageuka kumtafuta mtoto.