Waya Katika Shamba la Mama

Nina hasira, na safari hii anayestahili hasira hiyo ni mimi mwenyewe.

Jumamosi nilitoka Biharamulo, ninakofundisha, kwenda kumsalimia mama kijijini kwetu Bukiriro. Nilikuta nguzo zimesimikwa katikati ya shamba alilotuachia marehemu baba, na fundi Olafu anavuta waya. Olafu ni Mzungu wetu: wazazi wake walikuwa wakulima kutoka Norwei, naye alizaliwa hapa na ndiye hututengenezea mapaa, pampu na milango. Mama hakuwapo. Nikaona ardhi ya mjane ikimegwa mchana kweupe.

"Unagawa shamba la nani?"

"Dada, msubiri mama arudi."

"Usiniite dada! Mwizi hana ndugu."

Nikamwita mwenyekiti wa kitongoji, nikakusanya majirani, nikawahutubia juu ya sheria ya ardhi kana kwamba ni kidato cha pili. Kisha nikachukua plaizi ya Olafu, nikakata waya zote. Yeye alinitazama tu, kama mtu anayemtazama ng'ombe akitafuna nguo.

Mama akatokea na mzigo wa majani kichwani.

"Nani kakata waya zangu?"

Akautua mzigo chini.

"Nimemwomba Olafu anijengee chanja ya waya ya kutundikia majani ya ng'ombe yakauke, kama wafanyavyo kwao Norwei. Mvua hizi, yakilala chini yanaoza." Akamgeukia mwenyekiti. "Nawe umekuja kumkamata nani?"

Mwenyekiti alikohoa. Majirani wote niliowaita mimi mwenyewe walinigeukia, na plaizi ya watu ilikuwa bado mkononi mwangu.